Kidonda Kisichotunga Usaha

Jumapili, Musoma. Upepo wa ziwani umevuma tangu asubuhi na mawingu yamekaa juu ya mji bila kunyesha. Umeme ulikatika tukiwa kanisani. Siumwi, lakini nimekaa kama mgonjwa.

Mnaosoma hapa mmezoea niandike habari za bustani yangu ya mchicha, magoti yangu, na wanafunzi wangu wa zamani wanaonisimamisha sokoni wakidhani nitawakumbuka majina. Leo sina hayo. Nyangeta, binti yetu, aliyenifungulia ukurasa huu na kunifundisha kuandika kwa simu, alikuja jana kutoka Mwanza na ameondoka leo mchana. Ni daktari, na sasa anaongeza masomo ya magonjwa ya watoto. Alikuja na jambo la kutuambia mimi na baba yake. Tangu aondoke sijui jambo hilo niliweke wapi.

Ametuambia kilichowaua watoto wetu wawili.

Au niseme anachodhani kiliwaua, maana mwenyewe hakuapa. Ngoja niandike tangu mwanzo. Nikianzia mwisho nitashindwa.

Mafuru, mtoto wetu wa kwanza, alizaliwa Kibara miaka ile baada ya vita, wakati duka la kijiji lilikuwa na chumvi na kaunta tu. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mume wangu Majura alikuwa fundi wa mashine kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, kijana mrefu mwenye mikono inayonuka grisi hata siku ya ibada. Bibi yake na babu yangu walitoka kijiji kimoja huko rasini, ila koo zilikuwa tofauti, kwa hiyo wazee waliona hakuna neno.

Sabuni hatukuwa nayo. Nguo za mtoto nilifua kwa majani ya mpapai. Tulikula unga wa njano wa msaada ambao ugali wake haukushikamana, na kanga niliyombebea mtoto alinipa mama mkwe, imechakaa mpaka maneno yake hayasomeki. Lakini mtoto alikuwa mzuri, mzito, analia kwa sauti ya mtu mwenye haki zake.

Kwa desturi ya nyumba ile, mama mzazi hatoki nje na mtoto mpaka kitovu kidondoke. Basi nikakaa ndani nikisubiri. Wenzangu waliojifungua karibu na mimi wakatoka, wakaonekana kisimani, wakaanza kurudi shambani. Mimi bado nimo ndani. Kila asubuhi mama mkwe, Bibi Nyakaho, aliinama akafunua nguo, akatazama.

"Bado?"

"Bado, mama."

"Sasa hiki kinasubiri nini?"

Hakuniuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayeuliza mvua.

Majirani wakaanza kunong'ona. Kilipodondoka mwishowe, hakuna aliyepiga kigelegele, maana mtoto alikuwa ameshaanza kucheka na watu. Kiliacha kidonda chekundu kisichofunga. Nikampeleka kituo cha afya. Nesi, mama mmoja mpole aliyenizalisha, alikitazama akatabasamu.

"Mama Mafuru, una bahati. Hiki ni kidonda kisafi. Wengine wanakujaga hapa usaha unachuruzika mpaka magotini."

Kweli hakikuwa na usaha. Hata tone. Nilirudi nyumbani nimefurahi, nikamwambia Majura, naye akafurahi. Tulikaa tukala ugali wetu wa njano kwa amani. Naukumbuka mlo ule kuliko hata harusi yetu.

Kidonda hakikupona. Kilitulia, kikaamka tena, kikapanuka bila kutoa kitu. Meno yalipoanza kuota, fizi zilitoka damu kwa muda mrefu. Nikimshika mkono kwa nguvu kidogo tu, kesho yake panaonekana alama nyeusi, nami naona haya kama niliyempiga. Halafu homa zikaja. Majura akaniambia twende Musoma.

Dizeli haikuwepo. Tuliondoka juu ya lori la kiwanda lililokuwa linapeleka pamba Bunda, mimi na mtoto tumekaa juu ya robota, Majura amesimama akishikilia kamba. Bunda tulingoja gari kuanzia asubuhi hadi jua lilipoanza kushuka, tukapata la mtu aliyetuonea huruma kwa sababu ya kilio cha mtoto.

Pale hospitalini kulikuwa na daktari kijana, macho mekundu kwa kuchoka. Alimpima Mafuru, akachukua damu, akaenda mwenyewe kuitazama kwenye hadubini. Aliporudi alivuta kiti akakaa. Nikajua si habari njema, maana kwa foleni ile daktari hakai.

"Mwalimu," aliniambia, "damu yake imejaa chembe nyeupe. Sijawahi kuona nyingi hivi kwa mtoto."

Nilikuwa nafundisha habari hizo darasa la sita. Chembe nyeupe ni askari wa mwili. Watoto waliimba baada yangu.

"Si ndizo zinazopigana na ugonjwa?"

"Ndizo."

"Sasa kama zimejaa, mbona hazipigani?"

Alitazama mikono yake. Kisha akasema anaogopa ni kansa ya damu, lakini hata hilo hana uhakika, maana kidonda chenyewe hakielewi. Akasema mtoto angepata penisilini ya sindano angepata nafuu. "Sisi hatuna. Hata bandeji tunafua hizi hizi tunarudia." Alisema kama anayeomba radhi kwa niaba ya nchi nzima.

Majura hakuniaga vizuri. Aliniambia anakwenda kutafuta, basi. Alivuka mpaka kule Sirari, akaenda upande wa Kenya. Ulikuwa wakati mbaya wa kufanya hivyo. Watu walikuwa wanakamatwa kwa kukutwa na katoni ya sabuni, wanaitwa wahujumu uchumi. Wengine walitupa bidhaa zao ziwani kabla ya kukaguliwa. Mimi nilikaa kitandani na mtoto, nikimhesabia Mungu sababu za kumrudisha mume wangu.

Alirudi na chupa za unga wa sindano zimefungwa ndani ya shuka la mtoto. Alinisimulia baadaye. Kwenye kivuko cha Kirumi mgambo alimfungulia mzigo. Ndani kulikuwa na dawa na mche mmoja wa sabuni. Mgambo akainusa sabuni kwa muda mrefu, macho amefumba. Kisha akainua chupa.

"Hii nini?"

"Dawa ya mtoto wangu. Yuko hospitali."

Mgambo akaitia sabuni mfukoni mwake, akafunga shuka vizuri kuliko alivyolikuta, akasema, "Wahi."

Sindano zilifanya kazi. Homa ilishuka, Mafuru akakaa, akavuta ndevu za daktari, daktari akacheka. Zilipokwisha, homa ikarudi, na kidonda kikawa kimeendelea chini kwa chini muda wote ule. Alikufa asubuhi, wakati wanafagia wodi. Daktari alikaa kwenye ukingo wa kitanda na hakusema kitu. Ninamheshimu mpaka leo kwa kutosema kitu.

Tulimwogesha kwa maji matupu.

Dereva wa kiwanda aliyekuja Musoma kutafuta vipuri alikubali kutubeba. Tukamzika Kibara.

Baada yake akazaliwa Nyangeta. Kitovu chake kilidondoka mapema, katikati ya kunyonyeshwa, na Bibi Nyakaho alipiga kigelegele hadi kiwandani wakasikia. Huyu alianguka akachubuka, kidonda kikatunga, kikapasuka, kikakauka, naye akaendelea kukimbia. Watu wakaanza kuniita Mama Nyangeta. Bibi Nyakaho peke yake aliendelea kuniita Mama Mafuru mpaka alipokufa. Sikuwahi kumshukuru kwa hilo, na sijui kama alifanya kwa makusudi.

Kisha ikaja ruksa, biashara zikafunguliwa.

Ambaye hakuishi miaka ile hawezi kuelewa jinsi macho yetu yalivyoshangaa. Sabuni za rangi. Mafuta ya kupaka yenye harufu ya matunda tusiyoyajua. Mitumba mirundo kwa mirundo kwenye soko la Bunda. Lakini upande wa pili kiwanda kikaanza kusuasua, mashine zikasimama msimu mzima, watu wakapunguzwa, na Majura akawa mmoja wao. Mimi nilihamishiwa shule ya Butiama, naye akanifuata, akafungua kijiwe cha kutengeneza baiskeli kando ya barabara, chini ya mabati mawili. Mtu aliyezoea mashine kubwa kama nyumba akawa anaziba pancha.

Neema alizaliwa huko.

Safari hii nilikuwa namfunua mwenyewe kila asubuhi kabla mtu hajaamka. Nilijua kabla ya wote. Siku moja Majura aliingia akanikuta nimemfunua mtoto, natazama. Naye akatazama. Hakuna aliyesema "bado". Akatoka nje, nikasikia anagongagonga rimu ya baiskeli, kitu ambacho hakikuhitaji kugongwa.

Lakini tulijipa moyo, kwa sababu sasa dawa zilikuwepo. Hilo ndilo nililojiambia. Mafuru alikufa kwa uhaba. Uhaba umekwisha. Bunda kulikuwa na maduka ya dawa yamepakwa rangi mpya, Musoma rafu zimejaa hadi juu, na madaktari walioacha kazi serikalini wamefungua zahanati zao. Tulienda kote. Tulinunua za kunywa, za kuchoma, za kupaka. Zilimsaidia, sitadanganya. Ndizo zilizompa muda wa kuwa mtu.

Maana Neema alikuwa mtu. Alijua kuongea mapema. Alikaa kijiweni na baba yake juu ya gunia, miguu imefungwa vitambaa, akiwapokea wateja: "Shikamoo. Baiskeli yako inaumwaga wapi?" Wanaume wazima walijibu kwa heshima zote. Alipenda sato wa kukaanga, akila mkia kwanza. Aliogopa bata. Dada yake Nyangeta akitoka shule alimbeba mgongoni kuzunguka ile miamba ya Butiama, nami nikipiga kelele wasianguke, kwa kuwa kila mchubuko kwa Neema ulikuwa kesi ya miezi.

Siku moja baba yake anakaza breki ya baiskeli ya mzee wa kanisa, Neema akamwambia, "Baba, ukimaliza hiyo unitengeneze na mimi."

Majura alikaza ile breki mpaka waya ukakatika.

Watu walisema mengi. Kwenye jumuiya ya kanisa mama mmoja alisali kwa sauti Mungu afunue dhambi iliyofichika ndani ya nyumba yetu, nami nilikuwa nimepiga magoti pembeni yake. Baba mdogo wa Majura alikuja kutoka rasini kumshauri aoe mwanamke mwingine, kwamba tumbo langu lina kasoro. Nilikuwa jikoni, nikasikia kila neno. Majura akamjibu, "Baba, hawa watoto wana damu yangu pia. Nikibadilisha mke, nani atanibadilisha mimi?" Mzee aliondoka bila kunywa chai. Sikutoka jikoni. Niliegemea ukuta nikalia kwa furaha ya ajabu, furaha isiyofaa kitu.

Naye Bibi Nyakaho alikuja. Alisafiri kwa basi kutoka Kibara akiwa haoni vizuri tena. Yeye aliamini kosa ni lake, kwamba kuna jambo aliwakosea wazazi wake ujanani na sasa linamfuata kwa wajukuu. Alikaa chini kwenye mkeka, akashika miguu ya Neema yenye vitambaa.

"Mjukuu wangu, kama ni mimi, unisamehe."

"Nimekusamehe, bibi," Neema akamjibu haraka, na kumwomba amenyewe ndizi.

Kuna jambo sijawahi kulisema popote. Wakati huo nilikuwa na mwanafunzi darasani, Wankuru, aliyekuwa na jipu shingoni. Likapasuka katikati ya somo. Nikampeleka nje, nikaliminya na kulisafisha kwa maji ya chumvi. Usaha ulitoka mwingi, mzito, wa njano, unanuka. Watoto dirishani wanasema "aaah!" Nilimtamani yule mtoto. Nilitamani usaha wake kama mwenye njaa anavyotamani chakula cha jirani, kwa sababu kesho yake Wankuru alikuja shuleni amepona, anaruka kamba.

Sikujua kwa nini niliutamani. Nilijua tu kwamba wanangu hawakuwahi kuwa nao, na wengine wanao, na wanapona.

Neema alianza kutokwa damu puani siku ya Jumamosi wakati anachezea maganda ya karanga. Haikukoma. Tulikodi gari, kwa kuwa sasa magari yalikuwepo, na barabara ilikuwa wazi, na hospitali ilikuwa na dawa, na daktari alikuja mbio. Walimwongezea damu. Walimdunga kila kitu. Kwenye meza ya pembeni ya kitanda chake kulikuwa na chupa na vidonge ambavyo miaka ya Mafuru mtu angevipata kwa kuhatarisha maisha. Alikufa vikiwepo pale. Nesi alivikusanya kimya kimya, akanirudishia mikononi ambavyo havijafunguliwa. Nilikaa navyo ndani ya gari hadi Butiama.

Hapo ndipo niliposhindwa kabisa. Kwa Mafuru nilikuwa na wa kumlaumu: vita, duka tupu, mgambo, dizeli. Kwa Neema sikuwa na wa kumlaumu, nikabaki na Mungu na mimi mwenyewe.

Sasa, jana.

Tulikula, tukatoa vyombo, Nyangeta akafunga mlango. Alisema amekuwa akisoma kuhusu ugonjwa mmoja adimu sana wa chembe nyeupe, na kila mstari aliousoma ulikuwa unamwonyesha Neema. Kitovu kinachokawia. Vidonda visivyo na usaha. Damu iliyojaa chembe nyeupe. Fizi na pua zinazotoka damu. Alisema alilazimika kutoka maktaba akakae ngazini.

Alitueleza polepole, bila maneno makubwa. Chembe nyeupe inasafiri ndani ya damu kama abiria. Penye kidonda inatakiwa ijishike kwenye ukuta wa mshipa, isimame, ijibane, ipenye itoke nje ikafanye kazi. Katika kujishika huko inatumia kulabu ndogo ndogo zilizoota kwenye utando wake, ile ngozi yake ya nje. Lakini utando ni mwororo. Kulabu iliyopandwa kwenye utando tu haiwezi kuhimili mkondo wa damu. Ndani ya chembe kuna nyuzi, ndizo mifupa yake, zinazoipa umbo na nguvu. Na kati ya kulabu na nyuzi kuna protini zinazoviunganisha, zinaamsha kulabu ishike na zinaifunga ndani isichomoke. Mtoto akizaliwa bila mojawapo ya protini hizo, chembe zake zinapita kwenye kidonda bila kusimama. Mwili unaona hakuna aliyefika, unatuma wengine, na wengine. Wote wanapita.

"Usaha ni nini, mama?" akaniuliza, kama mimi nilivyokuwa nawauliza wanafunzi.

"Chembe nyeupe zilizokufa," nikajibu.

Nikasikia nilichosema.

Hawakuwa na usaha kwa sababu hakuna hata chembe iliyofika kufia pale. Hata kitovu kudondoka ni kazi yao, akasema. Na zile chembe nyingine zinazozuia damu zinatumia muunganisho huo huo, ndiyo maana pua ya Neema haikufunga.

Baba yake akauliza, "Kulabu zilikuwepo?"

"Nadhani zilikuwepo, baba. Na nyuzi zilikuwepo."

"Kilichokosekana ni mkanda."

"Ndiyo, baba. Unaweza kusema hivyo."

"Mota inazunguka," akasema, "mashine imelala." Akainama akashika kichwa. Mtu aliyetengeneza mashine maisha yake yote, nikaona jinsi neno lile lilivyomwingia. Laiti ningemwambia Nyangeta aache.

Majura akamuuliza, na sauti yake ilikuwa ndogo, kama kungekuwa na la kufanya. Nyangeta akasema siku hizi, nchi za mbali, wanaweza kumbadilishia mtoto uboho wa mifupa akapona. Miaka ile protini yenyewe ilikuwa haijajulikana kwa ugonjwa huu popote duniani. Si Kibara, si Musoma, si Ulaya. "Hamkukosea kitu. Wala madaktari hawakukosea. Na mimi siwezi kuapa, kwa kuwa hakuna tone la damu yao lililohifadhiwa. Lakini naamini hivyo."

Akasema pia kwamba kasoro hiyo inatoka kwa wazazi wote wawili, kila mmoja ana nusu asiyoijua. Nikakumbuka bibi wa Majura na babu yangu, kijiji kimoja. Nilimtazama Majura, naye alikuwa ananitazama mimi.

Nilidhani siku nitakapojua nitapata pumziko. Nimelala usingizi wangu wa kawaida, nimeamka, nimekwenda kanisani, nimeimba. Lakini kumbe lawama ilikuwa kitu cha kushika. Sasa nimeachiwa mikono mitupu. Siwezi kumchukia yule mgambo tena, hata kwa ile sabuni aliyoichukua. Siwezi kumchukia yule mama wa jumuiya. Mkanda mmoja tu, mdogo kuliko kitu chochote nilichowahi kukiona kwa macho, haukuwepo, na hakuna duka ambalo lingekuwa nao. Wala duka tupu wala duka lililojaa.

Leo baada ya ibada Nyangeta alinivuta pembeni, nyuma ya tangi la maji. Ana mimba. Bado changa. Mumewe anatoka Bariadi, kwao ni mbali na kwetu, na yeye mwenyewe kama daktari anajua uwezekano ni mdogo sana. Anajua yote hayo. Alinieleza yote hayo huku machozi yanamtiririka.

"Mama, utakuja nikijifungua?"

"Nitakuja."

"Uje mapema."

Nikasema nitakuja mapema. Kufanya nini, sijui. Nitakaa pale nitazame tu.

Tulimsindikiza stendi, baba yake amebeba mfuko wa dagaa. Nyangeta alikuwa ameshamwambia naye; niliona kwa jinsi Majura alivyokuwa anamshika binti yake mkono kupanda ngazi za basi, kana kwamba ni yai. Kwetu mtoto hupewa jina la aliyetangulia kufa, na mimi nilikuwa nimeshaanza kuogopa jambo hilo kimoyomoyo. Basi likawashwa. Majura akasogea dirishani. Tangu tulipomzika binti yetu mdogo Butiama, mume wangu hajawahi kulitaja jina lake, hata kwenye sala, hata nilipolitaja mimi.

"Nyangeta," akasema.

"Naam, baba."

"Akiwa wa kike, usimwite Neema. Mtafutie jina lake mwenyewe."

Basi likaondoka. Tulirudi nyumbani kwa miguu, upepo unatupiga usoni. Sasa amekaa uani anatengeneza mguu wa kiti, na mimi nimekaa hapa na simu inayokaribia kuzima.

Sijui kama aliyoyasema ni hofu au ni baraka. Nataka kumuuliza. Nimesimama mara kadhaa nikafika mlangoni, nikarudi kukaa.